Ndege za zamani bado zinaruka: tuulize nani anazichunga



Tangu mwisho wa Januari 2025, ndege za abiria zilipoacha kutua Goma, kuna swali linalonifuata kila ninapokutana na watu wa kwetu. Zile ndege za zamani tulizokuwa tukiziona kila siku ziko wapi leo? Je, bado zinaruka mahali? Wengine wanauliza kwa udadisi tu. Wengine wanauliza kwa hofu. Mama mmoja aliyehama kutoka Masisi aliniambia hivi: “Mtoto wangu amepata nafasi ya kwenda Kinshasa kwa ndege. Wamesema ndege yenyewe ni nzee. Apande au asipande?”

Nitajibu kwa yale ninayoyajua. Mimi si rubani wala si fundi. Ni mtoto wa Majengo, na mtu aliyekulia karibu na uwanja wa ndege wa Goma anajifunza ndege kwa masikio kabla hajajua kusoma. Mabati yalipoanza kutetemeka, sisi watoto tulianza kubishana: hiyo ni 727 au ni DC-9? Aliyeshindwa alitoa karanga. Antonov na Let hazikutusumbua, kwa sababu zina propela na sauti yao ni kama ya mashine ya kusaga mahindi. Lakini ndege za jeti, zile zisizo na propela, zilikuwa na sauti nyingine kabisa. Kwanza mluzi mwembamba, kisha ngurumo kama radi isiyokwisha, na nyuma yake moshi mweusi angani.

Aliyetufundisha majina alikuwa mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya ufundi Ndjili siku za Air Zaïre. Vijana wa leo hawalijui shirika hilo. Lilizaliwa mwaka 1961 kwa jina la Air Congo, likabadilishwa jina mwaka 1971, likafilisika mwaka 1995. Lilikuwa na DC-8, DC-10 na Boeing 737. Watu walilitania wakiliita “Air Peut-être”, yaani Air Labda, maana labda utaruka leo, labda wiki ijayo. Mzee hakuupenda utani huo. Kila tulipousema alitukemea: “Wanangu, ndege iliyochelewa kwa sababu fundi amekataa kutia sahihi, hiyo ndiyo ya kushukuru.”

Basi tuanze na kuzitambua, kama yeye alivyotufundisha.

Boeing 727 ina injini tatu, zote mkiani, na chini ya mkia kuna ngazi inayoshuka yenyewe. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1963, na hadi kiwanda kilipoacha kuzijenga mwaka 1984 zilikuwa zimetengenezwa 1,832. DC-9 ni nyembamba, ina injini mbili pembeni mwa mkia. Ilianza kuruka mwaka 1965, zikajengwa 976. Boeing 737-200 ina injini mbili chini ya mabawa, ndefu na nyembamba kama bomba la moshi. Ukiona 737 yenye injini nene inayokaribia kugusa ardhi, hiyo ni ya kizazi cha baadaye. Na DC-8 ndiyo babu yao: injini nne, iliruka mara ya kwanza mwaka 1958, zikajengwa 556 tu.

Miaka mingi baadaye nilipata kujua kwa nini ubishi wetu wa karanga ulikuwa mgumu. Boeing 727, DC-9 na 737-200 zote zilitumia injini ya ukoo mmoja, iitwayo JT8D, kutoka kiwanda cha Pratt & Whitney cha Marekani. Zilitengenezwa zaidi ya 14,000. Hapo ndipo siri ya maisha marefu ya ndege hizi inapoanzia. Chombo kilichojengwa kwa wingi namna hiyo hakikosi vipuri upesi. Moja ikistaafu, inafunguliwa, na viungo vyake vinaenda kuendeleza nyingine, sawa na zile Toyota za zamani tunazozijua kwenye barabara ya Rutshuru.

Sasa ziko wapi?

Kaskazini mwa Kanada, shirika la Nolinor bado linarusha Boeing 737-200, zingine za miaka ya 1970, kupeleka wafanyakazi na mizigo kwenye migodi ambako njia ya kurukia ni changarawe au barafu, bila lami. Ndege hizo zimefungwa kifaa maalum. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna sahani inayozuia mawe yasirukie tumbo la ndege, na mbele ya injini kuna vibomba vinavyopuliza hewa chini ili changarawe isivutwe ndani. Ndege mpya za aina hiyo haziwezi kazi hiyo, kwa kuwa injini zao ni pana na ziko chini sana. Kwa hiyo watu wa huko hawazipandi ndege za zamani kwa umaskini. Wanazipanda kwa sababu hakuna jeti mpya ya namna ile iliyojengwa kwa ajili ya ardhi yao. Mtu wa Walikale anaelewa jambo hilo bila kuelezwa.

DC-9 bado zimebeba mizigo Alaska na Meksiko. Kule Meksiko zinakimbiza vipuri vya magari ili viwanda visisimame. Kuna TriStar ya Lockheed, ndege kubwa yenye injini tatu, iliyojengwa mwaka 1974 kwa ajili ya Air Canada. Siku hizi inaitwa Stargazer, na kazi yake ni kupaa ikiwa na roketi tumboni, kisha kuiachia juu angani ili roketi iende zake na satelaiti. TriStar zilijengwa 250, na hiyo ndiyo ya mwisho inayoruka. Wakaaji wa Kinshasa wanazikumbuka TriStar, maana ziliwahi kutua Ndjili zikiwa na abiria. Kuna pia ndege ya ukoo wa DC-10 iliyogeuzwa kuwa hospitali ya macho na shirika la Orbis: ndani yake mna chumba cha upasuaji, na madaktari wa nchi inayotembelewa wanajifunza humo.

Boeing 727 ya abiria ilidumu muda mrefu Irani. Shirika la Iran Aseman lilifanya safari yake ya mwisho ya ratiba kwa 727 Januari 2019. Irani ilizishikilia kwa sababu vikwazo viliizuia kununua mpya. Zilizobaki duniani sasa nyingi ni za mizigo, na Kongo yetu imo katika hesabu hiyo. Miaka ya karibuni, aliyesimama Ndjili aliweza kuona 727 ya mizigo, na hata mojawapo ya DC-8 za mwisho kabisa duniani ilikuwa imeandikishwa hapa kwetu. Watu wanaopenda ndege za zamani wanatafuta mbali, wakati sisi tulikuwa nazo juu ya mabati yetu.

Kwa nini zilikuja kwetu? Kwa sababu ndege nzee ni rahisi kununua na ghali kulisha. Inakunywa kerosini nyingi. 727 inahitaji watu watatu mbele badala ya wawili, kwa kuwa yuko mhandisi anayechunga mitambo wakati wa safari. Na kelele zake zilifanya nchi nyingi tajiri zizifungie viwanja vyao. Tajiri anapoiuza kwa bei ya chini, mfanyabiashara wa nchi isiyo na barabara anaiona mali. Kutoka Goma hadi Kinshasa hakuna basi wala treni ya moja kwa moja. Maharagwe ya Masisi, viazi, nyama, mgonjwa, maiti ya ndugu, vyote vilipanda ndege. Papa yangu alisomesha watoto sita kwa magunia ya maharagwe yaliyosafiri hivyo. Siwezi kuzitukana ndege zilizonilisha.

Lakini umri wa ndege ni kitu gani hasa? Hapa mzee jirani alitupa somo ambalo sijalisahau. Alichukua bidon tupu ya maji, akaibana, akaiachia, akaibana tena. Akasema ndege haizeeki kwa miaka peke yake, inazeeka kwa kupanda na kushuka. Kila inapopaa, hewa hujazwa ndani ili watu wapumue, na mwili wake unavimba kidogo. Inaposhuka, unanywea. Bidon ukiibana mara elfu, inapasuka pale pale ilipokunjwa. Ndege pia ni hivyo.

Ushahidi wake ulionekana kule Hawaii. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 ya Aloha Airlines ilikuwa angani ikitoka Hilo kwenda Honolulu, kipande kikubwa cha paa lake kikang'oka. Mhudumu mmoja wa ndege alivutwa nje akafa, na rubani akafaulu kuishusha pamoja na wengine wote. Ndege hiyo ilikuwa na miaka 19 tu. Lakini ilikuwa imefanya safari fupi fupi kati ya visiwa mara 89,680, katika hewa ya chumvi inayokula chuma. Baada ya hapo Marekani ilitia sheria kali za kuchunguza ndege zilizozeeka. Zinafunguliwa sehemu kwa sehemu, wanatafuta nyufa ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona, na wanabadilisha kilichochoka. Ndiyo sababu jeshi la anga la Marekani bado linarusha mamia ya ndege za kujaza mafuta za KC-135, ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1965. Wanazo pesa za kuzifungua na watu wa kuzikagua. Ukiondoa hao watu na hizo pesa, ndege ile ile inakuwa jeneza.

Sasa niseme la kwetu, ingawa najua kuna watakaoumia kulisoma.

Tarehe 15 Aprili 2008, mchana, mvua ilikuwa imelowesha Goma. DC-9 ya shirika moja la nchi yetu, iliyojengwa mwaka 1977, ilianza kukimbia ili ipae kuelekea Kisangani na Kinshasa. Haikupaa. Ilipita mwisho wa pisti, ikaingia Birere, kati ya maduka, nyumba na watu waliokuwa wakinunua na kuuza. Watu wapatao 40 walikufa. Wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa chini, sokoni, hawakununua tiketi yoyote. Miongoni mwao alikuwa mama aliyetuuzia mafuta ya mawese tangu nikiwa mdogo, ambaye nina hakika hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

Jioni ile nilisikia watu wakisema, “Ni uzee wa ndege.” Na kweli ilikuwa nzee, miaka 31. Lakini tukumbuke na ile pisti. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika, na lava ikafunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia upande wa kaskazini. Miaka sita baadaye lava ilikuwa bado pale, na ndege kubwa zilikuwa bado zinakimbia kwenye kipande kilichobaki, zikielekeza pua kwenye soko lililojaa watu. Ndege mpya inaweza kuharibikiwa vilevile wakati wa kukimbia. Tofauti ni kwamba penye pisti ndefu rubani anafunga breki, anasimama, abiria wanashuka wakitetemeka, na jioni wanakula nyumbani kwao.

Angalieni na mwaka 2011. Tarehe 4 Aprili, ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya CRJ-100 ilianguka Ndjili ikijaribu kutua katika dhoruba. Kati ya watu 33, aliokoka mmoja. Ndege hiyo ilikuwa imejengwa miaka ya 1990, haikuwa nzee hata kidogo kwa mizani yetu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Julai, Boeing 727 ilianguka Kisangani ikitua Bangoka, hali ya hewa ikiwa mbaya pia. Watu zaidi ya 70 walikufa. Ndege moja ya kisasa, nyingine ya kizamani, anga ni ile ile, na maamuzi ya kutua katika mvua ni yale yale.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba shida ya Kongo ni uzee wa ndege. Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao, Machi 2006, mashirika ya Kongo karibu yote yaliingia humo. Hadi leo kila shirika lililopata kibali Kongo liko katika orodha hiyo, hata lenye ndege nzuri. Kinacholaumiwa ni usimamizi: kwamba wenye kazi ya kukagua hawajathibitisha kuwa wanakagua ipasavyo. Ndege ya Kanada ya miaka ya 1970 ina bwana mkali anayeikagua. Ya kwetu mara nyingi haikuwa na bwana, ilikuwa na wenye kuidai pesa.

Kwa hiyo yule mama wa Masisi nilimjibu hivi, na ninawajibu nyinyi wote mnaosafirisha watoto wenu.

Usiulize kwanza ndege ina miaka mingapi. Tazama mkiani au ubavuni mwake, kuna herufi za uandikishaji. Za Kongo zinaanza na 9Q au 9S, za Kenya 5Y, za Tanzania 5H. Kijana mwenye simu na intaneti akiziandika, mara nyingi ataona ni ndege ya aina gani na imetoka kwa nani. Herufi hizo hubadilika ndege inapouzwa, lakini namba ya kiwandani haibadiliki hadi inakufa. Kwa kawaida imeandikwa kwenye kibao kidogo cha chuma karibu na mlango wa mbele.

Tazama mizani. Kama mizigo inapimwa, na wewe mwenyewe unapimwa, usikasirike, huo ni ulinzi wako. Kama unaona magunia yanapita mlango wa nyuma bila kupimwa kwa sababu mwenyewe ni mkubwa fulani, jua kwamba rubani amepewa hesabu ya uongo. Ndege ya zamani inasamehe mengi, lakini haisamehi uzito uliofichwa kwenye pisti fupi.

Tazama mbingu. Nimeona mara nyingi abiria wakimpigia kelele rubani aliyekataa kuondoka katika mvua: tumelala hapa siku mbili, tuna msiba, tupeleke! Ninaelewa uchungu huo, maana kwetu kila safari ni ya shida. Lakini rubani anayekataa mvua ni yule fundi wa mzee jirani yangu, anayekataa kutia sahihi. Mwacheni akatae. Na kama kampuni inamlazimisha, simameni upande wake.

Mtoto wa yule mama alisafiri, akafika. Sisemi hivyo kuwa ushahidi. Wa Birere nao walikuwa wamefika sokoni salama asubuhi ile.

Neno langu la mwisho ni kwa wakaaji wa Goma, walioko mjini na walioko mbali. Siku ndege za abiria zitakaporudi, tutashangilia, na ni haki yetu, kwa maana dawa na ndugu zetu watarudi nazo. Wengi wataangalia rangi ya ndege, kama ni mpya au ni kuukuu. Tuulize kwanza yaliyo chini: pisti ina urefu gani sasa, mwisho wake pana nini, nani anayepima mizigo, na nani mwenye haki ya kusema “leo hapana” bila kufukuzwa kazi. Maswali hayo si ya abiria peke yao. Mama wa mawese hakuwa na tiketi, na ndiye aliyelipa.

Wa kwenu, kutoka Goma.